Mgeni Asiyepewa Jembe

Kondo alimpiga mkewe kwa mchi, akamvunja mkono wa kushoto, na mtaa mzima ukatwanga.

Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Katika mji ule, ambao hauna jina kwa sababu kila mwenye mji aliulizwa akasema si wake, mwanamke akilia ndani ya nyumba yake jirani hatoki kwenda kuuliza. Jirani huchukua mchi na kutwanga kinu. Ndani ya kinu hamna kitu, si mpunga wala mahindi. Hutwangwa kitupu, kwa nguvu, mpaka kilio kimezwe na kishindo. Jirani wa pili akisikia hupokea, wa tatu naye hupokea, na mpita njia husema, "Watu hawa leo wana harusi." Jambo hilo huitwa sitara. Asubuhi yake mwanamke aliyesitiriwa hupita mlango kwa mlango kushukuru, uso umemvimba kama andazi, naye huambiwa asijali, kwani kesho na keshokutwa zamu itageuka, naye atatwanga.

Tausi ndiye aliyekuwa kungwi wa kutwanga. Mikono yake ilikuwa minene kama magogo, na mchi wake mmoja ulitosha kumeza kilio cha nyumba tatu. Mchana ule alisikia mlio mwembamba kutoka upande wa mkwewe, mume wa binti yake. Hakuutafakari. Aliushusha mchi kama kawaida, mtaa ukapokea, mlio ukazama. Alipomaliza alijifuta jasho, akajisifu kimoyomoyo, akabandika maji ya chai.

Maji yalikuwa hayajachemka Kondo alipopiga hodi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyomwozesha. Alisimama nje ya kizingiti, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani?"

"Njema tu. Nimekuja kuazima mchi. Wetu umepasuka."

"Mlikuwa mnatwanga mawe?"

Kondo akacheka kidogo, kwa heshima. "Hapana, mama. Ni Asumini. Alinijibu."

Alisema vile kama mtu anavyosema sufuria imetoboka.

"Mkono umevunjika kidogo," akaendelea, "lakini ni wa kushoto. Nimekuja na kushukuru pia. Mama umetwanga vizuri mno. Hakuna aliyesikia."

Tausi aliutazama mchi wake ulioegemea ukuta. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaiona kama ya mtu mwingine aliyeisahau pale.

"Mchi huu hauazimwi," akasema.

"Si neno, mama. Nitachonga mwingine. Jioni utakuwa tayari, maana bado hajaomba radhi." Akaaga, akaondoka, akafunga na mlango wa uani ili kuku wasitoke.

Msomaji atauliza: mji huo hauna sheria? Unayo. Tena Sheria yupo mwenyewe, mwili na roho, ana chumba chake, kitanda chake cha besera na mito minne. Alifika kwa miguu kutoka mbali, vumbi mpaka kwenye kope, akiwa na watumishi watatu. Wa kwanza ni Dawati, mtu mwenye masikio mapana kama majani ya mgomba, anayeweza kumsikia mtu anayelia ndani ya moyo wake. Wa pili ni Mganga, mwenye mkoba wa bandeji na dawa. Wa tatu ni mama mmoja mfupi aitwaye Makazi, na huyo alibeba kwapani paa lililokunjwa kama mkeka. Pale alipolikunjua paa hilo, mwenye ngumi hakuweza kupita chini yake.

Mji uliwapokea kwa furaha isiyo na mfano. Ngoma zilipigwa, hotuba zikatolewa, wakubwa wakapiga makofi mpaka viganja vikawavimba. Kila aliyesimama alisema amemsubiri Sheria tangu utotoni. Masikio ya Dawati yalionekana matukufu mno kuachwa wazi, yakafungwa kilemba cha hariri. Mkoba wa Mganga ulikuwa na ngozi nzuri, ukatundikwa ukutani kuwa pambo. Na lile paa la Makazi, kwa kuwa lilikuwa safi kuliko mkeka wowote mjini, walilitandika chini wakala pilau juu yake.

Ndipo wazee walipokumbuka kwamba mgeni hupewa siku mbili tu, ya tatu hupewa jembe. Vicheko vikapungua. Huyu akipewa jembe atalima wapi? Atalima uani kwa nani? Mzee mmoja akasema tumbo linamuuma, akaenda nyumbani. Aliyepata dawa ni Kitwana, kaka yake Tausi, ambaye kazi yake mjini ilikuwa kushika siku. Kila alfajiri hupanda barazani akatangaza leo ni siku gani, na watu huishi siku hiyo. Kesho yake alipanda, akakohoa, akatangaza: "Leo ni siku ya pili." Keshokutwa akapanda tena, akasema, "Leo ni siku ya pili." Na mtondo, na mtondogoo, na miaka.

Tangu hapo mji mzima uliishi ndani ya siku moja. Watoto walizaliwa siku ya pili, wakaachishwa ziwa siku ya pili, wakaota ndevu siku ya pili. Wasichana waliolewa wakiwa na meno ya utoto, kwani mahali ambapo siku hazihesabiwi nani atasema binti hajatimiza miaka? Watu husema nguvu ni ya mwenye fimbo. Si kweli. Mwenye fimbo huchoka, hulala, huzeeka, hushikwa na baridi yabisi. Nguvu iliyo kubwa ni ya yule anayeamua leo ni lini, kwa sababu huyo hahitaji kukukataza kitu. Anakwambia tu kwamba wakati wake haujafika, nawe unakaa kwenye kizingiti cha maisha yako ukisubiri, unamshukuru kwa kukupa kiti. Na ajabu ni kwamba kila mtu mjini alijua. Jua lilichomoza na kuchwa mbele ya macho yao. Lakini kujua kitu peke yako ni kama kuwa na jino bovu: linakuuma wewe, jirani anaona shavu tu.

Tausi alimkuta kaka yake barazani anakunywa kahawa na kashata.

"Kaka, leo siku ya ngapi?"

"Ya pili, dada. Umeanza kusahau? Uzee huo."

"Nimezaa, nimelea, nimefiwa na mume, nimeozesha, na magego mawili yameng'oka. Vyote hivyo leo?"

"Siku nyingine huwa ndefu."

"Kondo kamvunja mkono Asumini."

Kitwana akaweka kikombe chini. Alimpenda mpwa wake, na mtu asije akasema hakumpenda. Alimfundisha kutembea, alimnunulia viatu vya kwanza. Akanyofoa kashata bila kula.

"Mimi ndiye mjomba," akasema. "Nitakwenda kuzungumza na Kondo kiume. Nitamwambia apunguze."

"Apunguze nini? Abakize vidole?"

"Dada, usinitie maneno mdomoni."

"Mpe Sheria jembe."

"Taratibu." Kitwana akaangalia kushoto na kulia. "Ukimpa yule jembe leo kwa Kondo, kesho atalima kwa nani? Unawajua watu wa mji huu. Unanijua na mimi. Halafu anayempa mgeni jembe ni mwenyeji, na mwenyeji wa Sheria ni mimi, nilimpokea kwa mkono huu."

"Ulimpikia lini?"

Kitwana akacheka, maana aliona hapo kuna mzaha, naye hakuwa mtu wa kuacha mzaha upite. "Mwenyeji hapiki, dada. Mwenyeji hupikisha."

Tausi naye akacheka. Alicheka mpaka Kitwana akaacha kucheka. Kisha akaondoka bila kuaga, akaenda jikoni kwake, akachukua mchele.

Mchele ule aliupeta mwenyewe. Aliuchambua, akaukosha. Na wakati vitunguu vinageuka rangi, maneno yalimjia vipandevipande, kama mtu anayeokota shanga zilizokatika.

Hupikisha. Anapikisha nani? Nani alichota yale maji siku ya kwanza? Mimi. Kuni? Bi Kazija, mgongo wake. Nazi, nyumba ya saba. Mgeni amekula miaka yote, hajala chakula cha mwanamume hata mara moja. Basi mgeni ni wa nani? Ngoja, kitunguu kinaungua. Mgeni ni wa nani. Nilitwanga. Mkono wangu huu na huu. Mwanangu alikuwa anaita na mimi nikasema moyoni, leo mdundo umekaa sawa. Usilie, Tausi, utaharibu chumvi. Mgeni ni wa anayempikia. Hiyo hata mtoto anaijua. Hata paka anaijua.

Akapakua pilau kwenye sinia kubwa. Lakini kabla ya kupakua alilaza kwenye sinia jembe, lisilo na mpini, chuma kitupu, akalifukia kwa wali, akapanga nyama juu. Mpini aliushika mkononi kama fimbo ya kutembelea. Mlangoni mwa nyumba ya wageni mlinzi alinusa tu, akampisha. Mwanamke mwenye sinia hajawahi kuulizwa anakwenda wapi.

Chumbani kulikuwa na joto na harufu ya iliki. Sheria alikuwa amelala kwenye mito, amenenepa mpaka pete zimezama vidoleni. Alikuwa na ndevu nyeupe na kipara, sura ileile ya wazee wa baraza. Lakini Tausi alipokaa mbele yake na kumwangalia usoni, ndevu zile zikafifia kama mvuke juu ya kioo. Kipara kikaota nywele. Mashavu yakabadilika, kovu dogo likatokea juu ya nyusi, na Tausi akajikuta anajitazama mwenyewe. Hapo akaelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: Sheria hana sura. Huchukua sura ya aliyekaa mbele yake. Na siku zote waliokaa mbele yake walikuwa wazee.

"Pilau tena," akasema Sheria, kwa sauti ya Tausi.

"Pilau tena."

"Mungu awazidishie. Nimeomba ugali na dagaa, naambiwa mgeni hapewi dagaa." Akakunja mkono wa kanzu, akaanza kula bila hamu. "Tumbo linaniuma, mama. Nina vifungu vimelala humu."

"Vinasemaje?"

Sheria akafumba macho, akavisoma kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Kipigo si siri ya nyumba. Aliyeumizwa atibiwe kwanza, maswali baadaye. Anayepiga ndiye anayetoka, si anayepigwa. Binti asiolewe mpaka awe mtu mzima, na neno lake mwenyewe lisikike. Aliyesikia akanyamaza naye ana la kujibu."

Hilo la mwisho lilimwingia Tausi kama mwiba wa samaki. Lakini alilimeza.

"Unavijua vyote hivyo na umelala?"

"Mimi mgeni. Mgeni hashiki kazi ya watu mpaka apewe. Nimeuliza kila asubuhi, naambiwa leo ni siku ya pili. Nitafanyaje? Nina miguu, lakini sina ruhusa ya—" Vidole vyake vilikuwa vimegonga chuma.

Akaondoa nyama. Akaondoa wali. Akalitazama jembe lililong'aa kwa mafuta, na wale watumishi watatu waliokuwa wakisinzia pembeni wakaamka mmoja mmoja.

"Nani ananipa?" akauliza Sheria polepole. "Maana lazima aseme. Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Mimi nani. Dada wa mshika siku. Mjane. Mama Asumini. Kungwi wa kutwanga. Hayo yote ni majina ya kuwa wa mtu. Nikikosea hapa atarudi kwenye mito. Jioni inakuja. Sema. Mchi unachongwa sasa hivi, maganda yanaanguka, sema, mwanamke, hukuletwa duniani upike tu.

"Mimi ndiye mwenyeji," akasema Tausi. "Mchele huu niliupeta mimi. Wa jana alipeta Kazija, wa juzi Zena mdogo. Umekula kwetu, umelala kwenye mito tuliyoshona sisi. Siku mbili zako zimekwisha, tena zimepita mpaka. Chukua jembe ukalime."

Akachomeka mpini.

Sheria alisimama. Magoti yalilia kama mlango wa ghala. Akafika mlangoni, akakwama, kwa kuwa alipoingia alikuwa mwembamba. Dawati akasukuma kwa nyuma, Makazi akavuta kwa mbele, Mganga akatoa maelekezo ambayo hayakumsaidia mtu. Sheria alikuwa anacheka, na kila alipocheka tumbo lilitetemeka na kukwama zaidi. Mwishowe fremu ya mlango ilitoka pamoja naye, akatembea nayo kiunoni kama mkanda mpaka uwanjani, ikaanguka.

Na mguu wake ulipokanyaga udongo, siku ya tatu ikaingia.

Haikuingia kwa tarumbeta. Iliingia kama maji yanavyoingia shambani mtu anapoondoa jiwe. Pilau zote zilizobaki mjini zilichacha kwa mara moja. Ndevu za wazee, zile walizozipaka hina, zikawa nyeupe. Mapapai yaliyokuwa mabichi tangu siku ile yakaiva yote pamoja, yakaanza kudondoka kwenye mabati, pu, pu, pu, watu wakidhani ni mawe. Na wake wadogo mjini waliangaliana, wakahesabu kwa vidole, wakagundua kuwa wengine wao bado ni watoto. Mmoja akavua ushungi wake wa ndoa, akakaa chini kucheza kete.

Lakini kwenye mtaa wa Kondo michi ilikuwa inashuka. Jua lilikuwa limeinama, mchi mpya ulikuwa umekaribia kwisha, na mlio ulikuwa umeanza. Wanawake walitwanga kwa bidii, Bi Kazija akiwa mbele kwa kuwa Tausi hakuwepo.

"Wekeni michi chini," akasema Tausi.

Bi Kazija hakuacha. "Mwenzetu una nini? Mwanao ataaibika."

"Aaibike. Aibu haivunji mfupa."

"Na wewe utaaibika."

"Mimi nishaaibika, Kazija. Niliaibika mchana, nikiwa natwanga."

Bi Kazija aliinua mchi. Ukabaki hewani. Alimwangalia Tausi, akamwangalia yule mtu mnene mwenye jembe, akauangalia mkono wake mwenyewe uliokuwa na kidole kilichopinda, ambacho yeye na mumewe tu ndio waliojua kilipindaje. Akaushusha mchi polepole, akaulaza chini kama mtu anayelaza mtoto. Wa pili akaacha. Wa tatu akaacha. Mtaa ukanyamaza, na kimya kile kilikuwa kigeni sana hata mbwa wakasimama.

Dawati akafungua kilemba. Masikio yakakunjuka.

Wote walitega wasikie kilio. Walichosikia ni sauti ya Asumini, kavu, kali, haina chozi.

"Chonga vizuri, Kondo. Mbona umeuacha mnene upande mmoja kama kichwa chako? Hata mchi hujui kuchonga. Mtu mzima unachonga kama unamenya muhogo. Niombe radhi kwa lipi, kwa kusema chumvi imezidi? Chumvi ilizidi. Nasema tena, ilizidi, na mtoto wa watu nakufa nikisema ilizidi."

Bi Kazija ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia kwa kanga, kicheko kikatokea puani. Kisha mtaa mzima ukacheka, kicheko cha watu waliokuwa wakifikiri kwamba chini ya michi yao kulikuwa na vilio tu, kumbe miaka yote walikuwa wanafukia na maneno matamu kama haya. Na katika kimya kilichofuata zikasikika sauti nyingine, kutoka nyumba nyingine, mitaa mingine. Mmoja alikuwa anaita jina la mama yake. Mwingine alikuwa anasema hapana, hapana tu. Dawati alikuwa anazigeukia moja moja, akitikisa kichwa: nimesikia, nimesikia, nakuja.

Sheria akaanza kulima. Nyumba za mji ule hazikuwa na njia kutoka mlango wa mke, maana hakuna aliyetarajia kwamba atatoka. Jembe lilikata majani, likang'oa visiki, likachora njia nyekundu kutoka uwanjani hadi kwa Kondo. Jasho lilimtiririka, na kila pigo la jembe lilimpunguza tumbo. Alikuwa anaimba. Hakuwa na sauti nzuri.

Kondo akatokea mlangoni, mchi mkononi, maganda ya mti kifuani. Hakukimbia. Alikuwa mtu wa adabu. Akaweka mchi nyuma ya mlango, akatabasamu, akainama.

"Karibu, mgeni wetu. Pole na kazi. Ingia ndani upumzike, kuna biriani ya mbuzi."

Sheria akasimama. Harufu ilikuwa nzuri kweli. Na kwa kuwa aliyekuwa mbele yake sasa alikuwa Kondo, uso wake ukaanza kugeuka: taya ikawa ya Kondo, macho yakawa ya Kondo, tabasamu likawa lile la heshima. Wakatazamana, Kondo wawili, mmoja mwenye jembe. Mkono wa Sheria ukalegea kwenye mpini.

Tausi aliona. Alitaka kukimbia asimame katikati, lakini miguu ilikuwa ya mama mtu mzima, na njia ilikuwa ndefu. Akapaza sauti.

"Asumini! Toa uso wako dirishani!"

Dirisha likasukumwa kwa bega. Asumini akatoa kichwa, nywele timtim, mkono umening'inia, mdomo umepasuka. Alimwangalia yule mtu mwenye jembe bila kumwogopa.

"Wewe," akamwambia, "mbona unanitazama kama hunijui?"

Na uso ule ukageuka. Taya ya Kondo ikayeyuka. Mdomo ukapasuka pale ulipopasuka wa Asumini, shavu likavimba pale lilipovimba lake, na mkono wa kushoto wa Sheria ukaanguka ubavuni ukiwa umevunjika. Kondo akarudi nyuma hatua. Alikuwa amempiga mtu yule mara nyingi. Hakuwahi kumwona akiwa na jembe.

"Asante kwa biriani," akasema Sheria. "Nimeshiba."

Akainua jembe kwa mkono mmoja, akalipiga kwenye kizingiti. Kizingiti kikang'oka chote, na mlango ukabaki hauna kitu cha kumzuia mtu.

Asumini akatoka. Hapana, alipita dirishani, maana alisema mlango ule hataki kuugusa tena, na ikawa kazi nyingine ya kusukuma na kuvuta, na vicheko. Mganga alikuwa ameshachukua mkoba wake ukutani. Akamfunga mkono kwanza, hakumuuliza neno. Baadaye Dawati akakaa naye chini, masikio wazi, akasikiliza mpaka mwisho, hata ile habari ya chumvi. Kondo alipewa nafasi ya kusema naye. Alisema Asumini ndiye aliyemchokoza, akasema ni mambo ya ndani, kisha akasubiri michi imsaidie. Haikumsaidia. Walimpeleka kwa kufuata njia ileile mpya, akatembea mwenyewe, kimya, mpaka nyumba ya hukumu, na huko alikaa.

Makazi akalikunjua paa. Lilikuwa na madoa ya mafuta, na alipolikung'uta punje za wali wa miaka mingi zikawanyeshea wanawake vichwani kama kwenye harusi, wakapiga vigelegele. Usiku ule walilala chini yake Asumini na wengine ambao hakuna aliyejua kwamba wangekuja. Bi Kazija alikuja na mto wake mwenyewe. Asubuhi vinu vilitwanga tena, safari hii vikiwa na mpunga ndani, kwa sababu watu walikuwa wengi na wana njaa, na Sheria aliletewa sahani ya ugali na dagaa, akala amekaa kwenye udongo, jembe pajani, akisema hajawahi kula kitu kitamu hivyo. Alipomaliza alifuta mikono, akauliza nyumba inayofuata ni ipi. Wanawake kumi walinyoosha vidole pande kumi, akacheka, akasema basi tuanze na ya karibu.

Gharama ilikuwa hii.

Mkono wa kushoto wa Asumini haupandi juu ya bega, na hautapanda. Mimba moja, changa, ambayo alikuwa hajamwambia mtu, ilitoka siku ya nne. Kitwana alihama, akaenda mji mwingine uliohitaji mshika siku, hakumuaga dada yake; na Tausi hakuwa na kaka mwingine. Nusu ya mtaa haikumsalimia tena mpaka alipokufa. Na kuna wanne ambao Sheria alipofika kwao alionyeshwa makaburi: Mwanakheri, Zena mkubwa, Tatu binti Shomari, na Mtumwa, aliyeolewa akiwa na miaka kumi na mmoja, akafa akiwa na kumi na mbili.